Picha Chini ya Nyimbo

Kila Ijumaa baada ya ibada nilikaa kwenye ukingo wa saruji kando ya maegesho ya magari, kule kwenye makanisa ya upande wa Abu Hamour, laptop mapajani, wanawake wakinipangia foleni. Doha Jumapili ni siku ya kazi, kwa hiyo sisi Wakristo tulisali Ijumaa, na tulizoea mpaka tukasahau kwamba kwetu mambo si hivyo. Kila mmoja alikuja na memori kadi yake, ndogo kama ukucha, ameifunga kwenye karatasi ya pipi au kwenye pindo la leso. Walichotaka ni kimoja: "Nijazie."

Nami nilijaza. Nyimbo za kwaya, mahubiri, filamu za Kinaijeria zenye sehemu ya kwanza hadi ya nane. Wengi wao walifanya kazi za nyumbani, na katika nyumba nyingine simu kubwa yenye intaneti haikuruhusiwa, kwa hiyo walikuwa na simu ndogo za kubonyeza. Kadi ile ndiyo iliyokuwa redio yao, televisheni yao na albamu yao ya picha. Kwa kuwa kadi zenyewe zilikuwa ndogo, ili nyimbo ziingie ilibidi kitu kitoke. Picha zilihamia kwenye laptop yangu, kila mtu na folda yake, na kadi ikarudi kwa mwenyewe ikiwa imejaa sauti.

Nilijivuna kwa kazi hiyo, nisifiche. Siku za kawaida nilikuwa karani wa rekodi katika kliniki moja ya binafsi, na ajira yangu yote ilikuwa kuhakikisha faili ya mgonjwa haipotei. Nilikuwa nawacheka wenzangu waliosahau walikoweka vitu vyao. Mimi nilikuwa hata na diski ya akiba, kisanduku cheusi chenye taa ya buluu, ambamo kila kilichokuwa kwenye laptop kilikuwamo pia. Diski hiyo sikuichomoa kamwe. Tundu la waya lilikuwa limelegea, na ukishaichomoa, kuirudisha ikubali tena ni vita, basi niliiacha imechomekwa mwezi baada ya mwezi na kujiona mwerevu.

Katika foleni ile alikuwamo binti mmoja wa upande wa Busia, aliyefanya kazi katika nyumba ya familia moja kule Umm Salal. Nilimzidi kama miaka kumi. Aliniita dada, nami nikamwita mdogo wangu, na baada ya muda hatukukumbuka tena kwamba hatukuzaliwa tumbo moja. Alitoka Ijumaa moja tu kwa mwezi. Nyumbani alimwacha mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu, akilelewa na bibi ambaye simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Kwa hiyo picha zote za mtoto alizokuwa nazo duniani ni zile alizopiga mwenyewe kabla ya kusafiri, picha arobaini na tatu na video mbili, ndani ya kadi ile. Nilizijua zote. Kila mwezi alinionyesha kana kwamba sijaziona, hasa ile video ambayo mtoto anajaribu kusimama, anakaa kwa kishindo, halafu anacheka mwenyewe.

Ijumaa moja alinipa kadi yake.

"Dada, hizo picha weka kwako kidogo. Nataka ile kwaya yote, albamu zote. Hiyo jikoni kumenyamaza sana, wallahi nitakuwa wazimu."

"Zote zitoke?"

"Zitoke tu. Kwako ziko salama kushinda kwangu. Hii simu itaanguka kwa maji siku moja."

Nilihamisha picha, nikajaza nyimbo zote alizoziomba. Nilipoona imebaki nafasi kidogo nikaongeza mahubiri mawili ambayo hakuyaomba. Sikupenda kumrudishia mtu kadi yenye nafasi tupu.

Miezi mitatu baadaye mtoto alifariki. Homa ya siku tatu, na kituo cha afya kilikuwa mbali. Aliniambia kwa simu Jumapili mchana, nikiwa kazini, nikalazimika kuingia chumba cha kuhifadhia karatasi ili nisionekane. Hakuwa analia. Alisema mwajiri wake amempa pole, lakini tiketi ya kwenda nyumbani ni mpaka mkataba uishe, na mkataba ulikuwa umebakiza miezi saba. Tayari walikuwa wamezika.

"Mama wa nyumba amenipa ruhusa nitoke Ijumaa hii," akasema. "Dada, nirudishie mtoto kwa simu. Sura yake inaanza kunipotea. Nikifunga macho naona huyu wa hapa."

Wa hapa ni mtoto wa mwajiri, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, Ijumaa atampata, na nilisema hivyo bila hata kusita, kwa sababu nilijua folda iko wapi.

Ningeweza kuzirudisha picha zile jioni ileile. Ingekuwa kazi ya dakika tano. Lakini Ijumaa ilionekana mbali, na kichwani kwangu kulikuwa na jambo jingine: woga. Nami nilikuwa na mama nyumbani. Niliona jinsi mtu anavyoweza kuzikiwa wake akiwa anaosha vyombo vya watu, nikataka kuondoka Ghuba, niende mahali ambapo mtu anaruhusiwa kupanda ndege akifiwa. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimetuma maombi ya kazi Kanada kwa kila wakala niliyemkuta mtandaoni. Jumanne ile nilitoka kazini saa nane mchana, nikafika chumbani kwetu mtaa wa Najma, nikawasha laptop, na barua ikawa imefika. Ilisema nimechaguliwa, masharti ya ajira yako kwenye kiambatisho.

Mtaalamu wa kompyuta wa kliniki alikuwa ametuonya mara chungu nzima kuhusu viambatisho. Siku ile alipotukusanya kutuonya, mimi nilikuwa nakula njugu nyuma ya ukumbi.

Nilifungua. Ndani kulikuwa na ukurasa wa herufi zilizovurugika, na juu yake mstari wa njano wenye maandishi kwamba hati hii imelindwa, bonyeza hapa uisome. Nikabonyeza. Hakuna kilichosomeka. Nikabonyeza tena, nikaudhika, nikaifunga, nikasema nitawaandikia wanitumie upya. Nikaenda jikoni kukanda unga wa chapati.

Niliporudi, feni ya laptop ilikuwa inavuma na taa ya buluu ya diski inapepesa mfululizo, kama inafanya kazi ngumu. Nilifurahi. Nilidhani mashine inajisasisha, kwa kuwa ilikuwa na tabia hiyo, na nilifundishwa tangu zamani kwamba kompyuta ikijisasisha usiizime, utaiua. Nikafungua folda ya vyeti vyangu ili niviandae kwa safari ya Kanada. Vyeti havikuwapo. Badala yake kulikuwa na majina marefu ya tarakimu na herufi zisizo na maana, na kila nilichogusa kilikataa kufunguka. Katikati yake kulikuwa na faili moja ngeni ya maelezo ya Kiingereza. Nikafungua folda nyingine, nayo vilevile, na faili ileile ya maelezo ikinisubiri.

Ndipo nikakumbuka folda ya mdogo wangu. Nilipoifungua bado picha zilikuwa picha. Nilimwona mtoto katika vile viboksi vidogo, safu kwa safu, gauni la njano, beseni la kuogea, kichwa kimegeukia dirishani. Kisha kiboksi cha kwanza kikawa cheupe. Kikafuata cha pili. Jina la kila picha lilibadilika mbele ya macho yangu, kutoka juu kushuka chini, kwa mwendo wa mtu anayehesabu.

Na mimi nilifanya nini? Nilisema, "Jamani, jamani," na sikuizima. Mikono ilikuwa na unga, nikaishika juu, nikawa naogopa kuiharibu mashine. Ningechomoa waya wa umeme na kung'oa betri wakati ule, labda nusu yake ingepona. Ningeng'oa diski, labda nakala zingepona. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na sentensi moja tu, usizime kompyuta, nami niliitii mpaka mtoto akaisha. Nimejisamehe mengi maishani, lakini zile dakika mbili bado.

Mwishoni kioo chote kikageuka cheusi kwa maandishi mekundu. Faili zako zote zimefungwa. Ufunguo tunao sisi. Lipa kwa bitcoin, hapa pana anwani. Kando yake kulikuwa na saa inayorudi nyuma, siku tatu kamili, na ikifika sifuri bei inakuwa maradufu. Nikapiga hesabu kwa vidole vyenye unga. Ingefika sifuri Ijumaa alasiri.

Nilikuwa tayari kulipa, nisijifanye shujaa. Nililia nikasoma ukurasa wa kununua hizo bitcoin, pesa za mtandaoni, ukataka picha ya pasipoti na akaunti ya benki na kusubiri siku kadhaa za kuthibitishwa. Nikajaribu kuwaandikia wenyewe kwenye ukurasa wao. Niliandika kwa Kiingereza changu cha ofisini kwamba vyeti vyangu wachukue, vibaki kwao, nirudishieni folda moja tu, ni ya mtoto aliyekufa. Hakuna aliyejibu. Nafikiri hakukuwa na mtu upande ule wa kusoma.

Jumatano yule mtaalamu wa kliniki aliniangalia kwa huruma ambayo sikuistahili, akasema hana la kufanya. Jioni nikaibeba laptop na diski hadi kwa fundi mmoja wa Najma, Mhindi wa makamo mwenye duka jembamba lililojaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Aliniita sister, na Kiarabu chake cha Ghuba kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Aliiangalia dakika kumi. Kirusi chenyewe akakitoa kwa urahisi.

"Sasa safi," akasema. "Lakini faili, khalas. Mwizi ameondoka, mlango amefunga, ufunguo amekwenda nao."

Alinieleza taratibu. Picha zimo bado ndani ya diski, hazikufutwa, ila kila moja imevurugwa kwa hesabu ambayo bila ufunguo wake hakuna mtu anayeweza kuifumbua, hata akikaa nayo miaka mia. Kompyuta huwa inaficha nakala za zamani kwa siku ya dharura, na hizo kirusi kilizitafuta na kuzifuta kabla ya kuanza. Nikampa diski ya akiba kwa matumaini, akaichomeka, akaitazama, akanitazama.

"Ilikuwa imechomekwa?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

Niliitikia kwa kichwa. Akairudisha mezani polepole, akasema kwamba kwa kirusi, diski iliyochomekwa ni folda kama folda nyingine.

Kisha akaniuliza swali lililonifufua. Picha zilitoka wapi mwanzo? Nikamwambia zilitoka kwenye memori kadi. Akasema kitu kikihamishwa kutoka kwenye kadi hakiondoki palepale, kinabaki chini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Niletee kadi.

Kadi ilikuwa Umm Salal. Alhamisi nikaomba ruhusa kazini kwa kudanganya kwamba naumwa, nikapanda teksi hadi kwenye lango la nyumba ile. Alitoka na aproni, amekonda, macho yamemwingia ndani. Alikuwa na dakika moja tu, mtoto wa mwajiri alikuwa analia nyuma yake.

"Nataka kadi," nikamwambia. "Nimwandae kabla ya kesho, usisubiri foleni."

Nilishindwa kusema kweli. Nilimwona jinsi alivyofurahi, mara ya kwanza nadhani tangu apate ile habari. Alitoa kadi kwenye simu palepale, akaifunga kwa karatasi ya pipi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akubariki, dada. Anza na ile ya kukaa chini, ile anacheka."

Nikaingia kwenye teksi nikalia mpaka dereva akazima redio.

Fundi aliiweka kadi kwenye mashine yake na kuwasha programu ya kuchimbua. Nilikaa kwenye kigoda chake kwa muda wa saa nne. Orodha ikawa inashuka: wimbo, wimbo, wimbo, wimbo. Kila mahali ambapo palikuwa na picha, mimi nilikuwa nimemwaga kwaya juu yake. Ningekuwa mvivu siku ile, ningejaza nusu tu kama wavivu wengine, angepatikana. Na yale mahubiri mawili ambayo hakuyaomba, ambayo niliyasukuma mwishoni ili kadi isibaki na nafasi, kila moja lilikuwa kubwa kuliko nyimbo kumi.

"Sister," fundi akaita mwishoni, sauti yake imeshuka. "Kimoja. Nusu."

Picha ilifunguka kutoka juu, kisha ikakatika, na chini yote ikawa rangi ya kijivu. Ile nusu ilionyesha nywele za mtoto, mstari wa katikati umechorwa vizuri, kitana, na vidole vya mama yake vikisuka. Ilishuka mpaka kwenye paji la uso, ikaishia kabla ya nyusi. Fundi aliirudisha kwenye kadi pamoja na nyimbo. Alipoona nafungua mkoba alikunja uso na kunisukumia mkono kando. "Mafi faida," akasema, sijafanya kitu, sina cha kulipwa. Akanishauri niitunze ile diski, nisiifute kamwe, maana siku nyingine hao watu hukamatwa na funguo zao huwekwa wazi. Niliitunza. Bado ninayo, kwenye soksi, na kila mwaka naitafutia ufunguo.

Ijumaa sikusikia hata neno moja la ibada. Alikuwa ameketi safu ya mbele na leso nyeusi kichwani, wanawake wamemzunguka. Tulipotoka aliwaambia wamwachie nafasi kidogo anataka kwanza kumwona mtoto, akaja kwenye ukingo wangu wa saruji, akakaa, simu mkononi imejaa chaji. Siku ile foleni haikujipanga.

Nilimwambia yote. Barua ya Kanada, chapati, saa ya maandishi mekundu, taa ya buluu, uongo wa langoni. Nilimwambia kosa ni langu tangu mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine.

"Si uifungue tu?" akauliza. "Wewe unajua kompyuta."

"Haifunguki, mdogo wangu."

"Hata hiyo ya kucheka?"

"Hata hiyo."

Nikachomeka kadi kwenye laptop, nikamfungulia ile nusu. Akasogeza uso karibu sana na kioo. Akaweka kidole kwenye mstari wa nywele, akaufuata mpaka ulipoishia kwenye kijivu, akarudi juu.

"Hii ni mkono yangu," akasema. "Nilimsuka siku ya kuondoka, alikuwa anakataa kukaa." Kisha akashusha kidole tena mpaka kwenye kijivu. "Na macho?"

Nilitikisa kichwa. Nilingoja anipige, na Mungu ananijua, ningeshukuru. Hakunipiga. Alitazama ile orodha ndefu ya kwaya iliyokuwa pembeni ya picha.

"Umesema zilikuwa chini ya nyimbo."

"Nilisema nyimbo zimeandikwa juu yake, zimezifu..."

"Basi zitoe."

Nilifungua mdomo nimweleze alichonieleza fundi, kwamba chini ya nyimbo hamna kitu tena, kwamba nyimbo zimekula mahali pale. Nikamwona alivyokuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili, tayari. Nikaufunga mdomo.

"Moja moja," akasema. "Usiharakishe, utampita."

Nikafuta wimbo wa kwanza. Akatazama. Nikafuta wa pili, akatazama, na kwa kila wimbo aliinama mbele kidogo kama mtu anayechungulia kisimani. Wanawake wakasogea mmoja mmoja wakasimama nyuma yetu bila kuuliza. Nilifuta kwaya yote, albamu zote alizoziomba ili jikoni kusinyamaze. Nilifuta yale mahubiri mawili. Ikabaki ile nusu ya kichwa peke yake kwenye kadi, na chini yake kioo cheupe.

Alikifuta kioo kwa pindo la leso yake.

"Angalia tena," akasema.

Nikaangalia tena.